Uso wa Mama Ungo

Walipompigia simu kwa mara ya nne kutoka ofisi ya mapambo ya mji, Léonard hakuuliza kuna nini. Alisema tu, "Bien, nakuya," akaiweka simu mezani na kumalizia chai yake iliyokwisha poa. Kisha akaingia karakana, akabeba kikapu ambacho tangu mara ya pili hakuwa akijisumbua tena kukiondolea vitu vyake: matambara, chupa ya petroli, chumvi, mswaki wa zamani na malimau sita.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mkewe Régine alikuwa amekwisha kwenda soko la mtaa wa Kenya, ambako aliuza maharagwe. Nyumba yao ya mtaa wa Bel-Air ilikuwa kimya namna ile ile iliyokuwa kimya siku zote, awepo asiwepo.

Sanamu ilikuwa katikati ya rond-point, mzunguko wa magari pale barabara kubwa inapoingia Kenya. Mwanamke wa shaba ameketi juu ya msingi wa saruji, miguu ameikunjia upande mmoja, anapepeta nafaka kwa ungo. Léonard ndiye aliyemfua, bamba kwa bamba, kwa nyundo na patasi za mbao, juu ya mifupa ya chuma. Mji ulimwagiza kazi hiyo miaka saba nyuma, na siku ya uzinduzi palikuwa na bendi ya fanfare, hotuba tatu na soda. Watu walimwita Mama Ungo tangu siku hiyo hiyo, ingawa uso wake ulikuwa wa msichana wa miaka ishirini na mmoja.

Ulikuwa uso wa Gaëlle, mtoto wao wa pekee. Alikaa wiki tatu juu ya kigoda uani, akilalamika kwamba mgongo unamuuma, akila karanga alizopaswa kuzipepeta, akimcheka baba yake kila alipomwambia atulie. Mwishowe Léonard alichoka kumngoja atulie, akafua kicheko chenyewe.

Miaka mitatu baadaye Gaëlle alikufa kwenye barabara ya Kasumbalesa, ambako alikuwa karani wa wakala mmoja wa forodha. Lori lililokatika breki liliipanda teksi aliyokuwemo. Tangu wakati ule Léonard aliishi kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno: chakula kinaingia, kinatafunwa, lakini mtu hajui anatafuna nini. Hakuwa na huzuni ya kuonekana. Alifanya kazi, alikwenda misa, alijibu salamu.

Mlinzi, mzee Mwape, alimlaki akiwa ameshika kofia mkononi.

"Muzee, pole. Nilienda tu kunawa mayi pale ku boulangerie ya mikate. Dakika tano! Kulipokucha muzuri, naangalia, nakuta namuna hii."

"Si kitu," Léonard alisema.

Uso wote ulikuwa mweusi. Mabega yalikuwa safi, ungo ulikuwa safi, hata shingo ilikuwa safi. Uso peke yake. Aliupanda msingi, akalowesha tambara kwa petroli na kuanza kwenye paji. Ilikuwa kama mara zote: mafuta mazito yaliyochanganywa na unga wa makaa, yanayoshika kwenye mikunjo na kukataa kutoka. Mikono yake ilitambua jambo ambalo kichwa chake hakikulishughulikia. Mtu mwenye chuki hurusha uchafu kwa kopo na kukimbia. Huu ulikuwa umepakwa kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, pole pole, mpaka nyuma ya masikio.

Akasugua macho, pua, meno yale ya mbele. Baada ya petroli alipitisha limau na chumvi hadi shaba ikarudi kuwa nyekundu. Wapita njia walisimama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba watu wa mji huu hawapendi kizuri. Ilipofika saa tano uso ulikuwa unacheka tena. Léonard akafunga kikapu chake.

Mchana aliitwa ofisini. Madame Clotilde, mkuu wa ofisi, alikuwa binti wa wafanyabiashara waliotoka Kasai; alisoma sana, alisema kwa haraka, na alimpenda Mama Ungo kuliko Léonard mwenyewe alivyompenda. Pamoja naye walikuwepo injinia Israël na afisa mmoja wa polisi. Mezani palikuwa na picha za mara nne zote, zimepangwa kwa tarehe.

"Tulisafisha," Madame Clotilde alianza. "Tukaweka kibao ya kukataza, bantu bakaanika nguo juu yake. Tukaweka uzio ya chuma, ikakaa siku kumi na moja, bakaiba yote, na nguzo zake. Tukaweka mulinzi. Sasa tufanye nini?"

Injinia Israël alikuwa mtu wa jibu fupi. "Tumutoshe pale, tumubebe. Tumuweke mu dépôt, mu stoo ya mji, mupaka bantu bakomae."

"Tukimutosha, muntu ule anashinda. Kesho atahamia ku sanamu ingine. Na mu dépôt nani atamuona? Panya?"

"Basi tumupige simenti. Simenti ikichafuka, unapaka rangi, unamaliza."

Madame Clotilde alimgeukia Léonard. "Na weye, baba? Ni mukono yako ilifanya hii kazi. Unasema nini?"

Léonard alizitazama zile picha nne. Alijaribu kutafuta ndani yake kitu cha kusema, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti akijua hauna kitu.

"Mi ni fundi," alisema. "Mukiniita, nasafisha."

Yule afisa ndiye aliyemtaja Katongo. Kila mtu wa Kenya alimjua Katongo: mhubiri asiye na kanisa, mwenye megafoni ya betri, aliyesimama kila jioni mkabala na sanamu akitangaza kwamba ni kinyago, kwamba macho yake ya shaba yanaiba bahati ya mabinti, ndiyo maana hawaolewi. Nani mwingine? Afisa akasema kinachotakiwa ni mashtaka yenye sahihi ya mtengenezaji, na mfano utolewe, watu waogope. Karatasi ikaletwa. Léonard alisoma mistari miwili ya kwanza, akatia sahihi.

Kesho yake Katongo alikamatwa, megafoni ikiwa mkononi. Redio ilitangaza jioni kwamba mchafuzi wa Mama Ungo ametiwa mbaroni na amekiri. Léonard na Régine walisikia habari hiyo wakila ugali wa bukari. Régine aliacha tonge lake kwenye sahani, akasimama, akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limekwisha fungwa.

Jumamosi mchana mwanamke mmoja alibisha hodi getini, mtoto mgongoni. Alikuwa mwembamba, amevaa kitenge kilichofuliwa hadi rangi ikachoka. Régine alikuwa uani, sinia la maharagwe mapajani, akichambua mawe. Léonard alikuwa akinoa patasi.

"Yambo, mama. Yambo, baba. Jina yangu ni Syntiche. Mi ni bibi ya Katongo, ule banamufunga juu ya mambo ya sanamu."

Régine alimwonyesha kigoda. Syntiche aliketi ukingoni, kama mtu ambaye hajui ataruhusiwa kukaa kwa muda gani.

"Baba, sikuyi kulalamika. Nakuya kukuambia kweli. Ile lundi asubui sanamu ilipakwa, bwana yangu alikuwa mu kitanda. Malaria. Alikuwa anatetemeka mupaka kitanda inalia. Mi njo nilikuwa namuwekea kitambaa ya mayi ku kichwa. Majirani banajua, shangazi yake anajua. Hakutoka."

"Lakini banasema alikubali," Léonard alisema.

Syntiche aliinamisha macho. "Alisema ni mukono ya Mungu njo ilifanya. Bakamuuliza, mukono ya Mungu ni yako? Akasema, mi ni mutumishi wake. Baba, ile njo bwana yangu. Ukimuambia njo ye alileta mvua ya jana, hatakatala. Lakini si ye."

"Mi sina funguo ya gereza, mama."

"Uko na sahihi. Kule banatuambia: ni sahihi ya muzee Léonard iko ku karatasi."

Léonard alikuwa amesahau kwamba sahihi ni kitu, kwamba inaweza kumshika mtu mahali fulani na kumzuia asitoke. Mtoto mgongoni akaanza kulia, Syntiche akamtikisatikisa bila kugeuka.

"Si ye," alisema Régine.

Alisema akiwa bado ameinama juu ya sinia. Vidole vyake viliokota jiwe dogo, vikalitupa pembeni.

"Si bwana yako. Ni miye."

Syntiche alimtazama, kisha akamtazama Léonard, kama anayengoja mmoja wao aeleze.

"Mama, sikusikia muzuri."

"Ulisikia muzuri. Miye njo namupakaka. Mara zote ine. Hii ya mwisho, Mwape aliniomba nimuangalilie mahali yake wakati anaenda kunawa, nami nikapanda, nikapaka, nikashuka; hakuzania kama ni miye. Rudi ku nyumba, mama. Lundi tutaenda ku biro, nitasema. Bwana yako atatoka."

Syntiche alisimama. Huenda alitaka kushukuru na akaona haifai. Huenda alitaka kutukana, akaona haifai vilevile. Mwisho alisema, "Mubaki salama," akatoka, na mtoto akasikika akilia mpaka mwisho wa barabara.

Léonard alibaki na patasi mkononi. Alijua kuna swali linalopaswa kuulizwa na mume mahali kama pale. Lililomtoka lilikuwa swali jingine.

"Ulitumia nini?"

"Mafuta muchafu ya gari. Ananipatiaka Ruben wa garage. Nilimuambia ni ya kupaka mbao, muchwa isikule. Nachanganya na makala ya kusaga."

"Njo maana inashikaka vile."

"Eh."

Alirudisha patasi kwenye jiwe la kunolea, akaipitisha mara mbili tatu. Ilikuwa imekwisha kuwa kali. Majirani walikuwa wakisikiliza mpira kwenye redio. Mtu alifunga bao, wakapiga kelele, wakanyamaza.

"Mama Gaëlle," alisema hatimaye. "Juu ya nini ulifanya vile?"

Régine alichambua maharagwe mpaka upande mmoja wa sinia ukaisha.

"Mbele sikukuwa naangalia. Mwaka ya kwanza, ya pili, nilikuwa napita na macho chini. Kisha nikaanza kuangalia. Anacheka, baba Gaëlle. Mvua inanyesha, anacheka. Bantu banabomolewa maduka, anacheka. Toussaint, siku ya kukumbuka bale balikufa, naenda ku malalo, naweka maua juu ya simenti ya kaburi, narudia, namukuta pale na meno inje. Hakuna muntu aliniuliza kama nataka kumukuta pale kila siku. Mi nilizika sanduku. Sikuzika mutoto."

Alilitikisa sinia.

"We ulimuona. Uliingia kule, ukafunga mulango, ukamuona. Mi nilipofika ukaambia bale babaume bapige misumari."

"Haikuwa sura ya kuona."

"Njo ulisema ile siku. Maneno ile ile. Miaka ine, maneno ile ile."

Léonard aliitazama mikono yake. Ilikuwa kweli. Siku ile alisimama mbele ya mlango wa chumba cha maiti, mkewe akimvuta koti, akasema sentensi hiyo moja, na kwa kuwa ilifaa siku ile hakutafuta nyingine. Alidhani amemhurumia. Labda alimhurumia. Baadaye ilikuwa rahisi kutosema lolote.

"Upande wa kushoto ulikuwa muzima," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza bamba lililopasuka. "Jicho ilikuwa imefungwa. Nilimutambua ku sikio, ile yenye alama. Na nywele, alikuwa amesuka mupya."

"Mupya? Nani alimusuka?"

"Siyui."

"Namuna gani? Bya mustari?"

"Bya mustari. Binaenda nyuma."

Régine aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeandika moyoni.

"Na upande ingine?"

Léonard alitikisa kichwa chake, mara moja, kushoto kwenda kuume, na Régine akaelewa. Hakulia. Alitazama ukuta wa uani kwa muda, mahali ambapo plasta ilikuwa imebanduka. Kisha akavuta maharagwe yaliyobaki kwake.

"Nilitaka tu anyamaze kidogo," alisema.

Jumatatu walikwenda ofisini wote wawili, Régine kavaa nguo yake ya misa. Madame Clotilde alidhani wamekuja kuuliza habari za kesi. Alipoambiwa, alikwenda kufunga mlango, akarudi, akaketi, akapanga kalamu zake. Kwa mara ya kwanza Léonard alimsikia akisema pole pole.

"Mama Régine. Weye? Mama ya..." Hakumaliza. Aliitazama picha ya juu kwenye rundo, ule uso mweusi, na ilionekana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Sikujua kama ile ni sura ya mutoto yenu. Baba Léonard, kwa nini hukusema?"

"Hakuna muntu aliuliza," Léonard alisema.

Madame Clotilde aliandika barua ya kumwachilia Katongo palepale, akaipeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe. Mchana ule ule mhubiri alitoka, kakonda, hana furaha. Habari kwamba amepokonywa kazi ya Mungu na muuza maharagwe haikumpendeza hata kidogo. Mkewe alimshika mkono, akamvusha barabara.

Ilibaki habari ya Régine. Palikuwa na kanuni, na kanuni hiyo Madame Clotilde aliiandika mwenyewe mwaka uliotangulia, akiwafikiria vijana wanaochora majina yao kwenye kuta: anayechafua kazi ya sanaa ya mji ataisafisha kwa mikono yake, mchana, mbele ya watu, mbele ya shahidi wa ofisi. Aliamini aibu inafundisha kuliko faini. Sasa alisoma kifungu hicho kwa sauti, akakiacha katikati.

"Mama, naweza kuweka hii dossier mu tiroir ya meza, nafunga," alisema. "Bantu batasahau. Mji hii inasahau mbio."

"Hapana," Régine alisema. "Bwana ya ule mama alikaa siku sita mule ndani juu ya kosa yangu. Uniandike."

"Kweli?"

"Uniandike, mama."

Léonard aliuliza kitu kimoja tu: kama anaweza kuifua upya sura ile, aiwekee uso mwingine, uso wa mtu yeyote, au hata uso usio wa mtu. Madame Clotilde alieleza kwamba sanamu ni mali ya mji, na mabadiliko yoyote lazima yapite kwenye tume. Alimpa fomu. Léonard aliijaza palepale kwa herufi kubwa. Mpaka leo tume haijajibu.

Siku ya kusafisha ilikuwa Alhamisi, saa nne. Uso ulikuwa msafi, maana Léonard alikuwa ameshausafisha. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo mpaka walipofika pale. Injinia Israël, aliyetumwa kuwa shahidi, alisimama na kamera yake, akakuna kichwa.

"Sasa anasafisha nini?"

Madame Clotilde alikuwa tayari kusema basi, turudi. Lakini Régine alikuwa amekwisha vua viatu, kakunja mikono ya gauni, anapanda msingi. Léonard alimsogezea ndoo.

"Kuko vumbi," Régine alisema.

Na kweli lilikuwepo. Barabara ile haipitwi na siku bila vumbi jekundu. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akaanza kwenye paji la uso. Hakusugua kama Léonard alivyosugua, kwa nguvu ya bega. Alipitisha kitambaa polepole, akakisuuza, akakipitisha tena. Nyusi. Kope, moja kisha nyingine. Upande wa kushoto aliumaliza upesi. Upande wa kuume alikaa. Alizunguka shavu, akashuka taya, akaingiza ncha ya kitambaa ndani ya sikio, akarudi kwenye shavu lile lile lililokwisha kuwa safi. Ndoo ikachafuka.

"Munibadilishie mayi," alisema bila kugeuka.

Mwape ndiye aliyekimbia boulangerie na ndoo. Aliporudi, watu wapatao thelathini walikuwa wamekusanyika ukingoni mwa rond-point: wauza mkate, madereva wa pikipiki za teksi-moto, wamama wenye mabeseni. Wengi walikuja kuona mtu akiaibishwa. Mmoja wa madereva alianza kupiga mluzi. Lakini palikuwa na wanawake wakubwa mle, na wanawake wale walikuwa wameosha maiti katika maisha yao, mama zao, dada zao. Waliijua ile namna ya kukamua kitambaa. Mmoja wao aliweka beseni lake chini. Mwingine akafungua kilemba. Mluzi ukakoma wenyewe, na honi peke yake ndizo zilizoendelea.

Léonard alishika ndoo. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na aliifanya. Alingoja kitu kimpasuke ndani, maana kila mtu aliyemzunguka alionekana kama anangoja hivyo, na dereva mmoja alikuwa anafuta macho. Hakikupasuka. Maji yalimdondokea kwenye mkono, baridi, na aliyasikia kuwa ni baridi. Hilo alilitambua: kwamba aliyasikia. Halikuwa jambo kubwa, na halikufuatwa na jingine.

Régine alimaliza na meno. Alisimama kidogo, uso wake karibu kabisa na ule wa shaba. Akasema kitu. Léonard aliyekuwa chini yake hakukisikia, wala hakuuliza baadaye. Kisha akanyoosha mkono, naye akamsaidia kushuka.

Injinia Israël alipiga picha mbili kwa ajili ya faili. Madame Clotilde alitoa karatasi, akaonyesha mahali pa kutia sahihi, Régine akatia. "Imeisha, mama," alisema. "Kwa upande ya mji, imeisha."

"Aksanti," alisema Régine.

Alivaa viatu. Watu walimpisha. Mama wa beseni alimgusa begani. Mwape alimmiminia maji ya kunawa, akajaribu kumwomba msamaha au kumlaumu, haikujulikana.

"Unarudia ku nyumba?" Léonard aliuliza.

"Hapana. Niliachia Estelle meza yangu. Ye naye iko na nyanya zake, hawezi kuangalia bitu biwili."

Léonard alitazama upande wa Bel-Air, kisha upande wa soko. Karakana ilikuwa na kazi ya parokia ambayo haikuwa na haraka. Alimkabidhi Mwape kikapu amtunzie, akaanza kutembea kando ya mkewe, naye Régine hakumuuliza anakwenda wapi.

Léonard alikuwa hajafika kwenye meza ile kwa miaka mingi. Estelle aliwaona wanakuja, akaondoka kwenye kigoda, akarudi kwenye nyanya zake. Régine alikaa mahali pake, akafunua magunia. Léonard aliketi nyuma, juu ya gunia lililojaa, mgongo kwenye nguzo ya kibanda. Jua lilikuwa kali juu ya mabati. Mteja mmoja alikuja, akachota maharagwe kwa kiganja, akayatazama, akamuuliza yeye, kwa kuwa alikuwa mwanaume na mzee:

"Baba, hii inaivaka mbio?"

"Siyui, mama," Léonard alisema.

"Inaiva," alisema Régine, akachukua kopo la kupimia. "Uloweke tu ku usiku."

Mteja akafungua mfuko wake. Régine akapima makopo matatu, akaongeza konzi moja juu, akafunga.

Baada ya mteja yule alikuja mwingine, kisha wawili kwa pamoja. Léonard aliwasikiliza wakiongea bei na mvua. Macho yake yalikuwa mazito. Aliegemeza kichwa kwenye nguzo, na alipoamka ilikuwa saa tisa, mtu alikuwa amemfunika kichwa kwa kitambaa asichomwe na jua, na Régine alikuwa anafagia maharagwe yaliyodondoka chini ya meza.

"Njaa iko?" alimuuliza.

Léonard alifikiri.

"Kidogo," alisema.

Régine alimtuma Estelle akalete mihogo ya kuchoma ya watu wawili.